Shule ya Mezani kwa Maureen

Kila asubuhi ya shule, Tess aliumwa tumbo. Jumamosi na Jumapili lilipona lenyewe. Daktari alimpapasa na kumpima, akasema mtoto hana ugonjwa, ana hofu. Alikuwa darasa la tano katika shule ya serikali ya mji wao mdogo huko Wisconsin, na alichokiogopa ni kusimama asome kwa sauti mbele ya wenzake, waliokuwa wakiigiza kigugumizi chake.

"Tumtoe kidogo," alisema baba yake, Lyle, fundi bomba asiye na maneno mengi. "Apumue. Mwezi wa tisa, mwaka wa shule ukianza, atarudi."

Mama yake, Maureen, alifanya kazi maktaba jioni, kwa hiyo asubuhi alikuwa huru. Akaijulisha shule kuwa atamfundisha mwenyewe nyumbani, na mwalimu mkuu akamhakikishia kuwa nafasi ya Tess haitapotea.

Jumatatu ya kwanza Maureen aligeuza meza ya jikoni kuwa darasa. Alibandika ratiba kwenye friji, na saa mbili kamili akapiga kengele aliyoinunua. Tess akashuka na nguo za kulalia.

"Umechelewa."

"Mama, nimetoka chumbani tu hapo."

"Hata hivyo."

Kufikia Ijumaa walikuwa hawasemezani. Hesabu za sehemu ziliishia kwa penseli kuvunjwa, na kusoma kuliishia kwa mlango kubamizwa. Tumbo nalo likarudi, ila safari hii lilimuuma mama mtu.

Lyle aliporudi kazini aliwakuta mmoja huku, mwingine kule. "Nilidhani tumemtoa shuleni," alisema huku akivua buti. "Kumbe tumeihamishia shule hapa."

Maureen alimkazia macho, kisha kicheko kikamshinda mpaka akatafuta kiti.

Kesho yake akaing'oa ratiba. Kwa muda waliviacha vitabu kabisa. Tess alilala mpaka jua likamfuata kitandani. Walipika chapati za maji, wakipima unga kwa robo na nusu kikombe, na zile sehemu zilizokuwa mlima kwenye karatasi zikalainika ndani ya bakuli.

Siku hizo ndipo Tess alipoanza kuvuka ua kwenda kwa jirani, Bibi Stasia Wojcik, mjane aliyepiga kodiani, kinanda cha kukunja na kukunjua, kwenye harusi za polka, ile dansi ya kurukaruka, tangu usichana wake. Mumewe alimwachia tromboni, ile tarumbeta ndefu ya kuvuta na kusukuma.

"Jaribu," Bibi Stasia alimwambia. "Ukikosea, mwenyewe hayupo kulalamika."

Sauti ya kwanza ilimkimbiza mbwa chini ya gari. Lyle alichungulia kuona nani anachinja ng'ombe. Lakini theluji ilipoyeyuka, wimbo ulikuwa umeanza kutambulika. Na kwa kuwa macho ya bibi yalikuwa yamechoka, Tess ndiye aliyemsomea maneno ya nyimbo, akikwama, akianza upya.

"Samahani, bibi."

"Ya nini? Soma tu. Mimi na umri huu nina haraka ya wapi?"

Mwezi wa saba, wakiwa mezani, Tess alisema anataka kurudi shule.

Maureen akaweka uma chini. Moyoni alikuwa ameshapanga mwaka mwingine. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Shule kuna bendi. Huku tuko wawili tu, na bibi akipiga ana mbio, ananiacha."

"Na wale wanaokucheka?"

"Watacheka. Halafu watachoka."

Maureen alifurahi na kuumia kwa pamoja, kama mtu aliyefungua kizimba akatamani ndege akawie kutoka. Lyle akamgusa mguu chini ya meza. "Si ndivyo tulivyosema? Mwezi wa tisa."

Siku ilipofika, Tess alipanda basi la shule akikokota sanduku la tromboni lililokaribia kumzidi urefu. Hakugeuka nyuma. Maureen alirudi jikoni, akasikia friji inavyonguruma, akaenda zake kwa Bibi Stasia kunywa kahawa. Mpaka mchana walikunywa birika mbili.

Tess aliporudi alitupa viatu mlangoni.

"Tumbo je?" Maureen aliuliza.

"Liliuma mpaka kama saa nne, nikalisahau. Nimesoma aya nzima. Yule Brandon, mmoja wa wale wale, alicheka, mwalimu akampa yeye asome iliyofuata, akakosea kuliko mimi." Akafunua sufuria. "Mwalimu wa bendi kasema napiga kama mtu wa polka."

"Hiyo ni sifa au lawama?"

"Sijui. Hii supu ya jibini ni ya sasa hivi au ya usiku?"