Mwizi wa Mchana Kweupe

King'ora kililia tena Séphora akiwa na tonge la bukari mkononi. Alilirudisha sahanini, akatoka mbio hadi nyuma ya depo ya kakao, bisibisi ikimgonga pajani. Mlinzi alikuwa ameshafika na rungu lake. Mama Adèle, mwenye depo, alikuja na mwiko. Wote watatu wakasimama wakitazama udongo mtupu. Hapakuwa na mtu.

"Tena!" alisema Mama Adèle. "Mashini yako iko nalia ovyo, sawa mutoto anaota meno."

Mumewe, Papa Abdias, alifika wa mwisho kama kawaida, akitokea upande wa geti, akihema na kupiga kelele kuliko wote. "Wako wapi? Wako wapi hawa bamwizi?"

Séphora alikuwa ametoka Butembo kuja Beni kwa kazi yake ya kwanza ya peke yake, baada ya wezi kupita nyuma ya depo na kubeba kakao ya akina Abdias. Alisimika nguzo mbili fupi, moja kila pembe ya ua wa nyuma. Moja ilirusha mawimbi yasiyoonekana kwa macho, ya pili ikayapokea, na mtu akiyakata katikati, king'ora kinapiga yowe. Alivigeuza vichwa vya nguzo kidogo kidogo, jicho kwenye kipimo, mpaka namba ikakataa kupanda zaidi. Hapo akakaza skurubu, akajisifu moyoni.

Tangu siku hiyo king'ora kililia kila mchana, watu wakiwa mezani. Séphora alifyeka nyasi hadi udongo ukaonekana. Aliondoa kamba ya nguo. Alimfunga mbuzi wa jirani, akagombana na jirani. Mwishowe akaanza kuipunguzia mashine ukali, leo kidogo, kesho kidogo. Wapi! Na asubuhi hiyo Henri, bosi wake, alikuwa amempigia simu: "Kama haitanyamaza, ng'oa yote. Utarudilia kutengeneza batelefone."

"Mais leo nataka kuona na macho yangu," alisema Mama Adèle. "Mutu atambae pale, sawa mwizi. Kama haitalia, beba vyuma vyako."

"Mi mwenyewe nitatambaa," alisema Papa Abdias upesi.

"Weye? Na ile tumbo?"

"Bamwizi pia bako na matumbo."

Alilala kifudifudi katika shati lake la misa, akaanza kusogea. Kinyonga angemwonea wivu. Kiwiko, kisha pumzi. Goti, kisha pumzi. Aliingia kati ya nguzo, na king'ora hakikulia. Séphora alitazama namba za kipimo zikicheza bila kushuka vya kutosha kukiamsha. Alishaanza kuiona meza ya Henri, imejaa simu zenye vioo vilivyopasuka.

Papa Abdias alifika kwenye ukuta wa mabati. Hakupapasa wala hakutafuta. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye bati moja, ukalisukuma, nalo likafunguka kama mlango wa nyumba yake. Moshi wa nyama ukaingia.

"Papa Abdias!" ilisikika sauti ya Kavugho, muuza mishikaki wa barabarani. "Umerudilia? Ile tatu hapana kukutosha?"

Papa Abdias alishtuka, akanyanyua makalio juu, na king'ora kikalia hadi ndege wakaruka kwenye miti ya jirani.

Mlinzi alitazama rungu lake kama ndiyo mara ya kwanza kuliona. Mama Adèle alimtazama mumewe, yule ambaye daktari alimkataza nyama ya mbuzi na chumvi kwa sababu ya tension, presha yake ya damu.

Séphora angeweza kunyamaza. Mashine ilikuwa imelia.

"Mama," alisema, "ilipashwa kulia tangu alipoingia. Ni miye nilipunguza nguvu yake. Nilizani ni upepo. Turudilie."

"Turudilie," alisema Mama Adèle, akavuta gunia akakaa.

Séphora alirudisha ukali wote. Safari hii bega tu liliingia, king'ora kikapiga. Papa Abdias akatambaa kutokea pembe ya kushoto, kikalia. Akabingirika, kikalia. Akatambaa kinyumenyume, kikalia. "Tena," alisema Mama Adèle. "Bamwizi hapana choka." Henri alipopiga simu, aliuliza kwa hasira kwa nini anasikia kelele. "Iko nalia, patron," alijibu Séphora. "Iko nalia muzuri kabisa."

Kisha Papa Abdias akalala katikati ya uwanja na hakunyanyuka.

"Abdias?" Mama Adèle alisimama. "Abdias! Tension yako!" Alikimbia, akapiga magoti kando yake, na king'ora kikaanza upya juu ya vichwa vyao.

Jicho moja lilifunguka. "Niko. Napumuzika tu."

"Nyamuhanga, Mungu wangu! Unataka kuniacha na nani?"

"Adèle, ile mboga ya sombe bila munyu, bila chumvi... ni sawa kula majani."

Mama Adèle aliinua mkono kama wa kumpiga. Ukabaki hewani, kisha ukashuka kwenye nywele zake, ukaanza kuondoa vipande vya nyasi zilizofyekwa, kimoja kimoja. Séphora alisimama na kidole kwenye swichi, king'ora kikilia, akingoja wamalize.