Uzi wa Nyuma ya Reli

Uzi ulikuwa chini, umelala kwenye majani yenye umande, na mlingoti wake umeinamia upande wa reli. Zelig Rudnik alisimama akiutazama, kitabu cha sala kwapani, keki ya tufaha mkononi. Ilikuwa Sabato asubuhi. Hakuweza hata kuuinua, maana kuufunga ni kazi, na siku hiyo kazi ni haramu.

Kwa Wayahudi kubeba kitu barabarani nako ni haramu siku hiyo, isipokuwa mtaa uwe umezungushiwa uzi juu ya milingoti. Uzi ukiwa mzima, barabara zao kumi na mbili za Manchester zinakuwa ua mmoja, kila mtu abebe chake kama yuko kwake. Ukikatika mahali pamoja tu, hakuna ua.

Kwa miaka kumi na tisa, kila Ijumaa, fundi viatu huyu aliuzunguka wote kwa baiskeli, anaangalia juu mpaka shingo inakakamaa, kisha anabandika karatasi kwenye dirisha la duka la mikate: Uzi ni mzima. Jana mvua ilinyesha, goti likamuuma, akajiambia kipande cha nyuma ya reli hakijawahi kumsumbua. Akarudi nyumbani kunywa chai. Karatasi aliibandika vilevile, tena kwa mwandiko mzuri.

Leo roho haikumpa, ndiyo maana alipotoka sala alipitia huku. Aliweka kitabu na keki juu ya ukuta, akatoa leso na ufunguo mfukoni akaviacha hapohapo. Akaondoka mikono mitupu, anaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Rabi Wexler alikuwa bado kwenye ile gereji kuukuu waliyoifanya sinagogi, anapanga vitabu.

"Umekatika lini?"

"Sijui, Rabi. Jana sikupita kule."

"Na karatasi?"

"Niliiandika."

Rabi alisukuma kitabu cha mwisho rafuni. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi iishie hapa. Nikitangaza sasa, nusu yao wako njiani na watoto. Watabeba tu, safari hii wakijua. Heri wakosee bila kujua."

"Na mimi je?"

"Wewe unajua, Zelig."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angemfokea.

Njiani kila kona ilikuwa na kigari cha mtoto. "Bwana Uzi!" muuza mikate alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, sufuria mikononi. "Mbona leo unatembea kama umemeza mwavuli?" Zelig alipunga mkono na kukaza mwendo. Kila alichokiona kimebebwa alikihesabu kuwa kosa lake.

Aliyeuanzisha uzi ule alikuwa mama yake, pamoja na jirani yake Perle. Miaka hamsini iliyopita walichoka kufungiwa ndani na watoto kila Sabato huku waume wamekwenda kusali. Wakafunga kipande cha kwanza kwa kamba ya kuanikia nguo, Perle akishika ngazi. Mama alikwisha kufa. Perle sasa miguu haimtoi nje ya mlango, na kila Sabato Zelig humpelekea keki.

Mbele ya nyumba ya Perle alimkuta Tirza, mjukuu wa bibi huyo, amekwama na kigari chini ya ngazi ya vidato vitatu. Ndani yake alilala mtoto wa wiki sita. Ilikuwa Sabato yake ya kwanza kutolewa nje. Juu, mlango ulikuwa wazi na Perle amesimama, ameegemea mkongojo.

"Mjomba Zelig, Mungu amekuleta. Shika mbele, mimi nishike nyuma."

Zelig hakusogea. Akikataa, Tirza atataka kujua sababu. Akishika, atakuwa anabeba huku anajua.

"Mgongo?" Tirza aliuliza. "Kama ni mgongo sema tu, nitamwita mtu."

Uongo ulikuwa tayari, wa kuokota tu. Lakini mmoja alikwisha kuuandika jana.

"Mgongo ni mzima," alisema, akainama akashika.

Kigari kilikuwa chepesi kuliko alivyotegemea, na hilo likamuuma zaidi.

Tirza aliingia ndani kuvua koti. Perle hakumtazama kitukuu wake kwanza. Aliitazama mikono ya Zelig.

"Keki iko wapi?"

"Nimeisahau."

"Hujawahi kuisahau." Macho ya kikongwe yalishuka kwenye mifuko ya koti, iliyolala bapa, hata leso haimo. Yeye hakuhitaji kuelezwa. "Wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nyuma ya reli. Nisamehe, mama Perle. Jana nilivivia."

Perle alifumba macho, kisha akaita, "Tirza! Leo mtoto anakaa hapa mpaka nyota zitoke, Sabato iishe."

Tirza alicheka huko ndani. "Kwa nepi mbili nilizokuja nazo, bibi? Au utamfunga kitambaa cha meza? Saa nane tunaondoka. Mjomba, utarudi utushushe, sivyo?"

Zelig alimtazama Perle. Perle alikwisha kumtoa mtoto kwenye kigari, amemweka begani, ameupa mlango mgongo.

"Nitarudi," Zelig alisema.

Akashuka, akaketi kwenye kidato cha chini kuisubiri saa nane. Familia moja ikapita, baba amempakata binti aliyesinzia. Wakamtakia Sabato njema, naye akaitikia.