Subaru ya Undine

Goti la kushoto la Undine Gittens lilipokataa kabisa kukanyaga klachi, aliamua kuiuza Subaru yake ya mashindano, tena aiuze mwenyewe bila dalali. Alikuwa ameikimbiza miaka mingi kati ya mashamba ya miwa ya St. Philip, na ile tabo kubwa ya kuongezea injini nguvu aliifunga kwa mikono yake.

Kaka yake, Orson, alimsihi asiwatajie wanunuzi ule ukuta ambao gari liliwahi kuugonga. Undine akamjibu kwamba atakayenunua atasikia yote. Basi kila mteja aliyefika alifunguliwa boneti, akawashiwa injini, kisha akaambiwa alale chini aone mahali chesesi, ile fremu ya chini, iliponyooshwa baada ya gari kugonga ukuta huo wa mawe siku ya mazoezi. Mmoja alishukuru akaenda zake. Mwingine alitaka kuing'oa injini tu na kutupa bodi. Huyo alifungiwa geti. Orson, aliyekuwa jikoni akikaanga samaki, alisema kwa mwendo huo gari litaozea uani.

Jumamosi akaja Winfield Inniss. Undine alikunja uso, maana huyu alimshinda msimu baada ya msimu, na kila mara alimtania mbele za watu. Hata hivyo alimpa maelezo yale yale, bila kupunguza neno, mpaka akafika kwenye chesesi.

"Hapo najua," Winfield alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Unadhani nani alikutoa dirishani?"

Undine alimgeukia. Siku ile ya ajali alizindukia hospitalini, akaambiwa tu kwamba msamaria mmoja alimleta.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekutania tena vipi?"

Undine akacheka mpaka akashika goti. Bei walipatana upesi. Winfield akamwomba awe anakaa naye kiti cha pembeni, amsomee kona zilizo mbele wakati wa mashindano.

"Nikae nikusikilize ukiua giaboksi yangu? Thubutu."

"Yako tena? Si nimeshanunua?"

"Ndiyo maana sipandi."

Alimkabidhi ufunguo, akamshukuru kwa siku ile, safari hii bila utani. Kisha akasimama getini akisikiliza mlio ukipotelea kwenye miwa. Gia ya tatu ilichelewa kuingia. Akang'ata mdomo, akarudi ndani na kumwambia Orson ajiandae: Jumatatu wanakwenda kutafuta gari la otomatiki, lisilo na klachi, lenye nguvu za mashindano.