Sheria Iliyotoka Ayalandi

Noela alikuwa na nia njema, na hiyo ndiyo iliyomponza.

Kila alasiri, wakipukuchua mahindi barazani kwao Msamala, alimsomea baba yake daftari alilotafsiri mwenyewe alipokuwa akisomea diploma: habari za Ayalandi, enzi za Mfalme George wa Kwanza, Mprotestanti, Wakatoliki walipokuwa wakibanwa kwa sheria. Mzee Athanasi, katekista mstaafu asiyeona vizuri, alipenda kusikia Wakatoliki wale walivyosali misa porini huku wameweka mlinzi. Lakini Noela alikuwa na ukurasa wake aliokusudia kumsomea. Mdogo wake, Leonce, alikuwa amehamia kwa walokole, na huu mwaka wa pili mzee hataki kumwona. Noela alitaka arudi nyumbani, basi.

"Sheria ilisema hivi," alisoma. "Mtoto wa kiume wa kwanza wa Mkatoliki akihamia kanisa la mfalme, ardhi yote ni yake. Wadogo zake hawana kitu. Baba anabaki mpangaji kwenye shamba lake mwenyewe."

Mzee aliacha gunzi likaanguka. Machozi yalimtoka.

"Kukata undugu wa damu kwa ajili ya kanisa! Washenzi wakubwa."

"Ndiyo, baba."

"Mwite Leonce. Jumapili."

Noela alipiga simu huku akicheka na kulia.

Jumapili ukoo ukakaa. Leonce alikuja na mkewe na kilo mbili za sukari. Akasema shikamoo, mzee akaitika marahaba. Noela akashusha pumzi.

Mzee akasimama. "Shamba la Mpitimbi, lote, nampa Noela aliyebaki kwenye imani. Aliyehama hana hata tuta."

"Baba! Ile sheria ilikuwa ya watesi wetu!"

"Iliwamaliza watu wetu, haikuwamaliza?"

"Iliwamaliza. Ardhi karibu yote iliwatoka."

"Basi inafanya kazi. Andika, mwanangu, una mwandiko mzuri."

Leonce alimtazama dada yake. "Kumbe ndiyo kazi ya diploma. Hongera, mama shamba."

Akatoka. Noela alimkimbilia mpaka njiani. "Leonce, nusu ni yako! Naapa!"

"Nusu ya nini, dada? Mimi nilikuja kwa baba."

Aliondoka bila kugeuka, mkewe nyuma yake. Noela aliporudi, sukari ilikuwa bado juu ya kigoda, haijaguswa, na mzee alikuwa akipapasa daftari la Ayalandi, akitafuta ukurasa mtupu.