Gari Lililolambishwa Chumvi

Heche wa Itiryo hakuogopa mtu, isipokuwa mama mkwe wake. Si kwamba mama yule ni mkali, la! Ni mpole mno, na balaa lilianzia hapo. Krismasi iliyopita Heche alikwenda ukweni Ikoma na pikapu ya kuazima, pikapu ikagoma kuwaka mbele za watu, na yule mama, kwa huruma zake, akajifunga khanga akaja nyuma kuisukuma. Jamani! Mkurya ambaye hata kumtazama mkwe usoni ni taabu, kakaa kwenye usukani anasukumwa naye! Tangu siku ile hakukanyaga Ikoma. Sasa Elieth, mkewe, alikuwa na mdogo wake anaolewa Jumamosi, naye alishasema wazi: "Tunakwenda wote, baba Werema. Nikienda peke yangu, usiniulize narudi lini."

Bahati nzuri duara lake, shimo la mchimbaji mdogo, kule Nyamongo lilikuwa limetema dhahabu. Mwaka ule kila aliyepata alinunua gari kwanza, akauliza maswali baadaye. Heche akajiona mjanja kuliko wote: yeye angenunua gari kama anavyonunua ng'ombe.

Ng'ombe hutazamwa alfajiri, kabla hajanywa maji. Wachuuzi humlambisha chumvi, anakunywa mpaka anavimba, na wewe unadhani amenona. Kwa hiyo kumepambazuka tu, Heche na Elieth wakawa wameshafika Sirari kwa Odoyo, muuza magari, ambaye uani kwake palisimama gari la juu la viti saba, linang'aa.

"Hii gari ni fiti kabisa, mzee," alisema Odoyo. "Ilikuwa ya daktari. Kazi yake kanisani na kurudi."

"Huyo daktari alikuwa anasali sana," alisema Elieth, akionyesha raba za pedali zilizolika mpaka chuma. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa chache kama za gari la juzi.

Heche hakusikia. Alikuwa anapiga tairi teke, anachungulia uvunguni, anapapasa ubavu. Mlango wa nyuma ulikuwa na mabaka mawili yaliyofifia rangi, akasema ni jua. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Lilikuwa la moto.

"Umeshalilambisha chumvi!"

"Nimelipasha moto tu, mzee. Ni heshima kwa mgeni."

"Basi mgeni atangoja lipoe."

Wakangoja. Odoyo alitaja shughuli zake zote za siku ile, hakuna aliyeinuka. Mama yake, Akello, kikongwe mcheshi, alifurahia wageni kupita kiasi. Akawaletea chai, halafu kuon, ugali wa Kijaluo, na samaki, halafu chai tena, na kila alipopita karibu na Heche akamwita mwanangu. Elieth akamnong'oneza mumewe, "Ukimaliza kutolewa mahari, niambie." Heche alinuna, lakini moyoni alikuwa ameshalipenda gari. Alijiona akiingia Ikoma taratibu, dirisha wazi, kiwiko nje.

Jua lilipoanza kuegemea, boneti likawa baridi. Heche akapanda, akageuza ufunguo. Gari likakohoa, likatetemeka, likatoa moshi wa bluu uliofunika migomba, likanyamaza.

"Ah, ni betri tu," alisema Odoyo, akitazama pembeni.

Mama Akello alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Hakuitwa na mtu. Aliweka ungo chini, akajifunga khanga kiunoni, akazunguka nyuma ya gari na kuweka viganja vyake juu ya yale mabaka mawili. Vilienea sawasawa.

"Haya mwanangu," aliita, "tia gia ya pili!"

Heche alimwona kwenye kioo: mama wa watu, kichwa chini, mikono nyuma ya gari lake. Aliruka nje kama aliyekalia siafu.

"Mama, nakuomba, acha! Acha kabisa! Silitaki!"

Elieth alicheka mpaka machozi yakamtoka, na njia nzima ya kwenda stendi alikuwa akijifuta kwa ncha ya khanga.

"Jumamosi tutapanda basi," alisema Heche mwishowe.

"Na likigoma kuwaka?"

"Shauri ya dereva na mkwe wake."