Namna Thadei Alivyofundishwa Upya Kupiga Upinde

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa mbili kasorobo asubuhi, Generosa akiwa amekaa kizingitini anakata ngozi ya mbuzi.

Alikuwa anamkatia mume wake kinga ya vidole. Kila mwaka mahindi yakianza kubeba, ngedere hushuka kutoka mlimani, na Thadei hushinda shambani na upinde wake wa mti wa mkole. Ugwe wa upinde huo ni kano la ng'ombe lililosokotwa, na kazi yake ya pili, ukiacha kurusha mishale, ni kula vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mtu asiye na kinga hupiga mishale ishirini vizuri. Wa ishirini na moja anauachia kwa woga, kabla ya wakati, na hapo mshale unakwenda unakotaka wenyewe. Generosa alilijua hilo bila kuwahi kushika upinde. Aliilainisha ngozi kwa samli siku tatu, akaikata umbo la jani, akatoboa matundu mawili ya kupitishia vidole. La tatu hakulitoboa. Aliweka kisu chini, akashika tumbo, akasema, "Baba Kelvin, hapa pananikata."

Walimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, Thadei nyuma amemkumbatia, kilometa tisa za matope hadi kituo cha afya cha kata. Nesi Prisila alimbonyeza tumbo mara moja tu. Akasema utumbo umejisokota, huyu ni wa kupasuliwa, aende hospitali ya Mpanda leo hii. Akaandika rufaa. Akamwambia Thadei akanunue glavu duka la mbele, maana kituo kimeishiwa. Thadei akanunua jozi mbili.

Rufaa ilikuwepo, glavu zilikuwepo, mgonjwa alikuwepo. Gari la wagonjwa halikuwepo.

Mlinzi alisema limekwenda gereji. Mhudumu wa dirisha la dawa alisema limekwenda semina. Dereva alipopigiwa simu alisema yeye yuko nyumbani anakula, gari kalichukua mkubwa. Alipoulizwa mkubwa yupi, simu ikakata. Wodi ilikuwa imejaa, kwa hiyo Generosa alilazwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mganga mfawidhi, kwa ubavu wake wa kushoto, akiutazama mlango. Saa kumi na moja jioni alikufa akiwa bado anautazama. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Thadei aliishia darasa la nne, lakini kuandika anajua. Baada ya arobaini aliandika barua yenye mstari mmoja: Siku ile gari lilikuwa wapi? Aliipeleka kwa mtendaji wa kata. Akaipeleka wilayani. Huku aliambiwa imepokelewa, kule aliambiwa inafanyiwa kazi. Ofisi ya tatu ilimtaka aambatanishe cheti cha kifo. Alipokipeleka, wakamwambia vinatakiwa vitatu.

"Kwani alikufa mara tatu?" aliuliza.

"Utaratibu, mzee," alijibiwa.

Mwisho wa Aprili alirudi shambani na upinde. Ngedere mmoja alikuwa amekaa juu ya kichuguu, hatua ishirini, anamenya hindi kama mtu aliyelilima. Thadei alivuta kwa vidole vitupu, akaachia. Mshale ulitoka, ukamkaribia ngedere, ukapinda kushoto, ukavuka boma la miiba na kushika barabara ya kuelekea kituo cha afya. Ngedere aliusindikiza kwa macho, kisha akaendelea kula.

Mshale haukukata njia za porini. Ulifuata barabara, kwa sababu mvua ilikuwa imejaza mabonde, na kwenye kona ya mnara wa simu ulipunguza mwendo. Pale sokoni watu waliinamisha vichwa kidogo, kama wanavyompisha mtu aliyejitwika kuni. Ulichukua dakika kumi na moja. Uliingia katika mlango wa mganga mfawidhi, chini ya kitasa, usawa wa macho ya mtu aliyelala kwenye benchi.

Wa pili ulifuata tundu lilelile. Na wa tatu.

Hakuumia mtu. Waendesha bodaboda walijifunza kusogea pembeni wakisikia mlio wake nyuma yao. Nashon, mganga mfawidhi mwenyewe, alijizoeza kuhesabu hadi sitini kabla ya kufungua mlango kutoka. Kila Ijumaa alimrudishia Thadei mishale yake kwa bodaboda, imefungwa bandeji mpya, pamoja na barua yenye mhuri: *Yah: Mishale yako kupoteza lengo.*

Ngedere, kwa upande wao, walimaliza robo eka.

Mwezi wa tano mtendaji wa kata, mama mmoja mpole aitwaye Bernadetha, aliitisha kikao.

"Shikamoo, mzee Thadei."

"Marahaba. Gari lilikuwa wapi?"

"Mzee wangu, ajenda ya leo ni mishale."

"Na mimi naongelea mishale."

Mjumbe mmoja alisema labda ni macho. Mwingine akasema huyu ni mzee sasa, apumzike, alee wajukuu. Nashon aliomba kuiona mikono ya Thadei. Akaigeuza juu na chini. Vidole vitatu vilikuwa vimevimba malengelenge, kimoja kimepasuka na kinatoa maji.

"Ndiyo hii," Nashon alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Mwenye maumivu hawezi kuachia ugwe sawasawa. Hili ni suala la kitaalamu tu. Tumboreshee mkao na tumlinde vidole."

Kikao kizima kilifurahi. Iliandikwa hivyo kwenye muhtasari. Na papo hapo, kama kianzio, Nashon alitoa kwenye begi boksi la glavu za hospitali, jozi hamsini, halijafunguliwa.

Thadei aliliangalia boksi.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Zipo stoo."

"Tangu lini?"

Nashon alitazama simu yake kama vile imeita.

Glavu zilichanika mshale wa pili. Thadei alivaa tatu kwa pamoja, ugwe ukazila zote tatu, akabaki na vipande vyeupe vimemng'ang'ania vidoleni kama maganda ya kitunguu. Alivifungasha akavipeleka kwa mtendaji. Bernadetha alivipokea, akamsainisha kwamba vimepokelewa.

Wiki iliyofuata wilaya ilimleta mwalimu. Aliitwa Fredrick, afisa michezo, kijana wa trakisuti na filimbi, aliyehudhuria kozi ya upinde Dar es Salaam siku tano. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lilimkera Thadei zaidi, maana alikuwa amejiandaa kugombana.

"Mzee, wewe unasimama kama mtu anayedai."

"Ninadai."

"Sawa, lakini ukidai namna hiyo bega linapanda. Lishushe. Miguu iachane, upana wa mabega. Ubavu uelekee shabaha, siyo tumbo."

"Nimepiga upinde miaka hamsini."

"Miaka hamsini kiwiko kimening'inia, baba. Hebu angalia. Kiwiko cha mkono wa kuvutia kikae mstari mmoja na mshale. Vuta mpaka kona ya mdomo, kila mara hapohapo, usibadilishe. Ugwe usiubane kama unamfinya mtoto, uning'inize tu kwenye pingili za kwanza. Ukitaka kuachia, usifungue vidole. Vilegeze. Ugwe uondoke wenyewe, mkono urudi nyuma sikioni."

Thadei alifanya hivyo. Mshale ulitoka, ukapinda kushoto, ukashika barabara.

"Umeona?" Fredrick alisema. "Umeshusha upinde mapema. Ubaki umeunyoosha mpaka mshale ufike."

"Dakika kumi na moja?"

Fredrick alifikiri.

"Basi mpaka upite mnara."

Kwa hiyo Thadei alisimama shambani kwake, mkono umenyooka mbele, mwingine sikioni, dakika saba, jua la saa nane likimchoma utosi, huku ngedere wakivuna nyuma yake. Alisimama anafikiria watu wenye vyeo. Hawa ukiwapelekea moto watakupa semina ya moshi. Mtu amekuuliza swali la maneno matano, wewe unamletea kijana mwenye filimbi. Na hiyo dizeli ya kumleta Fredrick mara mbili kwa wiki, kutoka wilayani mpaka huku, haikosekani hata siku moja.

Tatizo la vidole lilibaki. Fredrick alileta kinga ya plastiki iliyonunuliwa Dar. Iliteleza ikaruka pamoja na mshale, na yenyewe ikafika kituoni, dakika mbili baadaye. Nashon aliirudisha kwa barua.

Jioni hiyo Thadei aliingiza mkono juu ya ukuta, chini ya bati, akatoa ile ngozi ya mbuzi. Ilikuwa imekauka. Aliipaka samli, akaisugua mpaka ikakumbuka ulaini wake. Tundu la tatu alilitoboa mwenyewe kwa msumari. Halikukaa sawa kama yale mawili, lilikwenda upande.

Ngozi ilimkaa vidoleni kama imezaliwa hapo. Baada ya wiki tatu malengelenge yaliisha. Mkono haukuogopa tena. Na kiwiko, ambacho Thadei alikuwa amekishusha sawasawa ili tu kumnyamazisha kijana, kiligundua raha yake. Mshale ulikuwa unatoka bila kutikisika mkia. Miaka hamsini hakuwahi kuusikia ukitoka kimya namna ile. Hakumwambia Fredrick. Mtu wa serikali ukimsifu ataandika ripoti.

Siku moja Fredrick alipima kwa simu, Nashon akiwa upande wa pili. Dakika sita. Wiki iliyofuata, nne. Mshale haukupunguza tena mwendo kwenye kona ya mnara. Uliingia mlangoni mpaka karibu na manyoya, na Nashon akalazimika kuazima koleo kwa fundi baiskeli.

Ripoti iliandikwa hata bila kusifiwa. Ilisema mkao umeboreka, vidole vimelindwa, kasi imeongezeka zaidi ya maradufu. Ilibaki changamoto ndogo ya lengo.

Bernadetha aliitisha kikao kingine.

"Mimi naona tatizo ni kwamba mlangoni hapana shabaha," alisema. "Tukiibandika, mzee atakuwa amelenga."

Wajumbe walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo.

"Au mnijibu barua," Thadei alisema. "Mnijibu leo, halafu nitapiga hapa mbele yenu, tuone mshale utakwenda wapi."

"Barua yako iko ngazi ya juu, mzee wangu. Sisi huku tunashughulika na yaliyo ndani ya uwezo wetu."

Shabaha ilichorwa na fundi wa mabango ya duka, duara jekundu ndani ya jeupe ndani ya jekundu, ikapigiliwa misumari mlangoni. Ikapangwa sherehe siku ya Ijumaa, saa tano asubuhi. Turubai lilifungwa uwanjani kwa kituo, viti vya plastiki vikapangwa safu sita, safu ya mbele ikavishwa vitambaa. Kulikuwa na spika mbili kubwa na katoni za maji ya chupa. Mgeni rasmi alitoka wilayani. Wagonjwa waliombwa wasogee upande wa choo mpaka shughuli iishe.

Thadei alisimama hatua thelathini kutoka mlangoni, akiwa na shati alilomzikia mke wake. Aliachanisha miguu upana wa mabega. Alishusha bega. Alivuta mpaka kona ya mdomo, kiwiko mstari mmoja na mshale, akalegeza vidole ndani ya ngozi. Mshale ulikwenda moja kwa moja, haukuwa na sababu ya kupinda, ukakaa katikati ya duara jekundu. Watu walipiga makofi. Fredrick alipuliza filimbi, na machozi yalimlengalenga, maana Thadei alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kufaulu.

Mgeni rasmi alisema kata hii ni ya mfano katika kutatua kero za wananchi. Akamkabidhi Thadei cheti. Akatangaza kwamba kuanzia leo suala la mzee Thadei limefungwa.

Thadei alikisoma cheti polepole, herufi kwa herufi, mbele na nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. "Jibu mmeliandika wapi?" aliuliza, lakini spika zilikuwa zimeshaanza muziki.

Ndipo bodaboda ilipoingia getini. Nyuma ya dereva alikuwepo Tereza, msichana wa Kisukuma mwenye mimba ya miezi tisa, na nyuma yake mama yake, Suzana, amemkumbatia. Wanachunga ng'ombe ng'ambo ya mto, hawakuwa na habari ya sherehe yoyote. Kitenge cha Tereza kilikuwa kimelowa damu mpaka vifundoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu.

Nesi Prisila alikimbia kutoka kwenye safu ya tatu. Alimbonyeza mara moja tu. Akazima muziki mwenyewe kwa kung'oa waya.

"Huyu ni wa Mpanda," alisema. "Sasa hivi."

Akaandika rufaa nyuma ya karatasi ya ratiba ya sherehe.

Thadei aliweka upinde chini. Alikwenda safu ya mbele, akaomba viti vitatu. Waliokuwa wamevikalia walisimama bila ubishi, mgeni rasmi mmoja wao, na Thadei akaviunganisha, akamsaidia mama kumlaza binti yake juu ya vitambaa vile vyeupe, uso umewaelekea wageni.

Suzana aliishika rufaa mkononi. Alitazama kivuli cha maegesho pembeni ya wodi, ambapo palikuwa na doa la oili na kuku mmoja. Akawatazama waliosimama na waliokaa, mmoja baada ya mwingine, bila kujua nani ana cheo gani. Mlinzi alimtazama mhudumu wa dirisha la dawa. Mhudumu alimtazama Nashon. Nashon alimtazama Bernadetha, na Bernadetha akamtazama mgeni rasmi, ambaye alikuwa anautazama mshale mlangoni kwa makini sana.

"Nyie wakubwa," Suzana alisema, "gari liko wapi?"