Vitamini kumi na moja siku ya dot

Mi sipende muntu anicheke. Ninasema hii mapema, juu hapa Lubumbashi bantu beko na mudomo, na hii habari banaisimulia vibaya tangu Katuba mpaka Makomeno. Banasema nilikimbia muke. Bongo, uongo mutupu! Sikukimbia muke. Nilikimbia tumbo.

Sikieni basi gisi ilikuwa.

Jina yangu Guelor. Ninatengenezaka groupe, zile mashini za kuleta umeme kama courant imekatika, mu bavilla ya Golf, mutaa ya batajiri. Niko mwembamba. Si ugonjwa, ni gisi mama alinizaa. Lakini siku nilienda mara ya kwanza kwabo Plamedie, kujionyesha ku familia yake, nilikuwa na mafua. Vumbi ya mwezi wa munane, munaijua. Nilipiga chafya saba mbele ya Tonton Gérard, mukubwa ya familia yabo, muntu wa Kasai mwenye magasin, duka ya bitenge, na sauti ya kuamusha avenue muzima. Alinitazama miye, alitazama Plamedie, akasema:

"Mutoto yetu alimaliza université. Hatutamupa muntu wa kuzika mu mwaka moja. Siku ya dot nitamutazama tena vizuri. Nikiona ugonjwa, bintu yenu itarudia kwenu, na habari imekwisha."

Dot, ni kusema mahari, ilipangwa siku ya posho, jumamosi saa nne ya asubui. Na mi nilipenda Plamedie tangu myaka tatu. Kama ningemupoteza juu ya chafya, ningekufa kweli, na Tonton Gérard angesema: munaona?

Asubui ile nilitia vitamini C mbili mu kikopo ya maji, vile vidonge bikubwa bya kutoa mapovu, nikakunywa. Ku boite, kopo yabyo, baliandika: moja kwa siku. Nilisoma. Lakini nilijiambia, leo iko siku ya mbili.

Dada yangu mukubwa, Yaya Huguette, aliingia na kikopo yake mu mukono.

"Guelor, kunywa. Ni vitamini. Nilitia mbili."

"Yaya, nimekwisha kunywa."

"Ya nani? Ya nani ulikunywa, na yangu unakatala?"

Hapo njo mutaelewa kwetu. Siku ya dot, kila ndugu anatia mukono. Mwenye hana mbuzi analeta sabuni, na mwenye hana sabuni anatafuta kintu ingine. Na kintu ya ndugu haikataliwe, juu ukikatala, anaikala chini, anakunja mikono, anasema: bon, endeni benyewe. Ningefika namna gani ku buko, ku familia ya muke, bila Yaya Huguette? Nilikunywa.

Tonton Katongo, mujomba yangu, alifuata. Uyu njo musemaji wetu, juu siku ya dot mwenye kuoa hafungue kinywa, musemaji anamusemea yote. Yeye alitia tatu. Nilimwonyesha boite, nilimusomea: moja kwa siku. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Hiyo moja iko ya Bazungu, benye kukula machungwa kila siku. Weye ulikula nini jana? Bukari na kapenta! Kunywa. Mi niko na discours ndefu ya kusema, sitake uanguke pembeni yangu."

Na Tante Mwenya, shangazi yangu mwenye alitoka Kasenga na kitunga ya samaki ya kukausha, alileta ine mu kikopo moja. Ine! Mapovu ilimupanda mpaka ku kiwiko. Alisimama mbele yangu, mikono ku kiuno, mpaka nikamaliza tone ya mwisho. Kumbe kila moja aliwaza ni yeye peke yake alipata hiyo akili.

Hesabuni benyewe: kumi na moja, na chai hatujakunywa.

Ku Makomeno, kwabo Plamedie, balitupokea muzuri. Salon kubwa, shiye upande huu, beye upande ule. Mbuzi zetu mbili balizipeleka nyuma ya nyumba. Mama Mujinga, mama ya Plamedie, alikaa ku kona, uso ku upande. Iko infirmière, muuguzi ya bagonjwa, ku dispensaire moja tangu zamani, muntu wa heshima. Mi na yeye hatujatazamana hata siku moja mu macho, juu ku buko njo vile: hautazame mama-mukwe, haukule mbele yake, hautaje mwili yako mbele yake. Na choo? Weee! Kutaja choo ku buko, afazali ufe.

Tonton Gérard alisimama.

"Hapa kwangu sheria iko moja. Tutauliza mutoto yetu mara tatu kama tupokee hii bintu. Kama mwenye kuoa anasimama kabla ya ile ya tatu, tutajua anakatala. Hatutamufuata ku barabara."

Alianza kusoma liste ya bintu ya dot. Alipofika ku bitenge, tumbo yangu ilisema neno ya kwanza. Nilikohoa juu ya kuifunika. Kosa! Tonton Gérard aliinua macho. Kikohozi? Nilifunga kinywa. Alipofika ku suti ya batonton, tumbo ilisema ya pili, na ya tatu, na hapo ikaanza discours yake yenyewe.

Na musemaji wangu naye akasimama. Eh, Tonton Katongo! Ninamupenda, lakini ile siku ningemunyonga. Alianza ku bankambo, bababu yetu ya zamani. Aliteremuka ku Luapula, alipanda mu bwato, alivua samaki moja moja. Alisema kuku yenye tulikuya kutafuta, alisema mbegu, alisema jogoo mwenye hawikake ku lupango, nyumbani kwa bengine. Bantu balipiga makofi, akarudilia kuku. Mi nilifunga miguu, nilifunga meno, nilifunga macho. Jasho ilitoka ku kichwa ikaingia mu kola.

"Uyu kijana anatoka jasho," Tonton Gérard alisema. "Na anatetemeka. Malaria?"

"Ni furaha, mukubwa," Tonton Katongo alijibu, akaendelea na samaki.

Mwishowe balileta Plamedie, na kitenge ya kijani, muzuri mpaka nilisahau tumbo nusu dakika. Balimuuliza mara ya kwanza: tupokee? Alisema ndiyo. Bamama baliimba wimbo muzima, na kuurudilia. Balimuuliza mara ya pili. Ndiyo. Balianza wimbo ingine. Ilibakia moja. Moja tu! Niliomba Mungu, niliomba bankambo, niliomba tumbo yenyewe: ndugu yangu, ngojea hii wimbo tu.

Tumbo ilikatala.

Sikumbuke gisi nilisimama. Ninakumbuka kiti ilianguka na wimbo ikakatika. Nilipita katikati ya kuku za kupika, niliruka basani ya muchele, nilifika nyuma ya nyumba. Choo ile pale! Na ku mulango yake balifunga mbuzi yangu moja. Kamba ilikuwa fupi, na Tonton Katongo njo alifunga fundo, ni kusema haifunguke. Nilivuta mulango, mbuzi iliingia. Niliisukuma, ikanisukuma. Bon. Tuliingia shiye wawili.

Ya mule ndani siseme. Mbuzi peke yake njo anajua, na yeye iko na heshima.

Inje nilisikia viatu mingi. Familia zote mbili balitufuata. Kisha sauti ya Tonton Gérard:

"Alisimama. Muliona bote. Anakatala mutoto yetu."

"Hapana, mukubwa," Tonton Katongo alijibu, mudomo tamu kabisa. "Ni patron yake wa kazi, kule Golf, alimuita ku telefone. Anaongea na patron."

"Muke anangojea, yeye anachagua patron? Basi aoe patron. Bebeni bintu yenu."

Nilisikia Yaya Huguette analia. Nilisikia banafunga tena bitenge mu mufuko. Na Plamedie, na sauti ndogo: "Lakini Guelor iko wapi?"

Kuko hasira na kuko haya, na mule ndani nilikuwa na zote mbili, na mbuzi juu yake. Kama ningenyamaza, heshima yangu ingebakia muzima, na muke angeenda. Sikuwaza sana. Nilipiga kelele yenye ilisikilika mpaka ku barabara:

"Niko mu choo! Plamedie, sikukimbia! Niko mu choo, ninaharisha, na ninakupenda!"

Hata mbuzi aliacha kutafuna.

Kisha viatu vya muntu moja vilikaribia, polepole, vikasimama ku mulango. Ilikuwa sauti ya mwanamuke.

"Ulikunywa nini?"

Mama Mujinga! Mama-mukwe yangu! Nilitaka shimo inimeze, na shimo ilikuwa pale pale.

"Vitamini C, Mama."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mu juma moja?"

"Asubui ya leo, Mama."

Alipumua kwa nguvu. "Nani alikupa?"

"Mi nilimupa mbili tu," Yaya Huguette alisema mbio mbio.

"Mbili? Weye pia?" Tonton Katongo alisema. "Mi nilimupa tatu!"

"Na mi ine," Tante Mwenya alisema. "Munitazame vile juu ya nini? Nani aliniambia kama munamupa?"

Balianza kugombana pale pale, musemaji wetu mbele ya bote.

"Nyamazeni!" Mama Mujinga alisahau buko, alibakia infirmière. "Vitamini iko dawa, si bonbon ya batoto. Mwili inakamata yenye inatosha, yenye inazidi inaitupa, na munasikia benyewe gisi inaitupa. Leo iko tumbo tu. Muntu akikunywa vile kila siku, majiwe inaweza kuota mu figo. Na hii iko C, iko na mulango ya kutokea. Ingine, sawa vitamini A, haitoke mbio, inalundikana mu maini na kuiharibu. Ku boite baliandika moja. Ninyi munajua kupita mwenye aliitengeneza?"

Tonton Katongo alivua kofia.

"Basi si malaria?" Tonton Gérard aliuliza.

"Si malaria. Iko na afya. Akili njo kidogo, na ndugu njo mingi."

Tonton Gérard alikuya ku mulango, akagonga na kidole.

"Kijana, unataja choo mbele ya mama-mukwe. Hauna haya?"

"Niko nayo, Tonton. Mingi. Lakini kama ningeacha ile bongo ya telefone ibakie, ningepoteza Plamedie. Afazali haya."

Mama Mujinga alicheka, kidogo, na pua. "Mwenye kuficha uchi hazalake," alisema. "Gérard, umuache. Munitafutie maji ya kuchemusha, sukari, na chumvi kidogo. Na weye uulize ile ya tatu."

"Alisimama!"

"Sasa iko anasimama? Uliza."

Ile ya tatu, kwabo, haijibiwe na kinywa. Mwanamuke anakamata kinywaji, anapiga magoti mbele ya mwenye alichagua, anamupa akunywe mbele ya bote. Bière ilikuwa inangojea mu salon. Tonton Gérard alisafisha koo, alitazama ku mbingu, aliuliza mulango ya choo na Plamedie pamoja: tupokee?

Nilichungulia mu tundu ya mbao. Plamedie hakuenda mu salon. Alikamata kikopo ya maji ya chumvi na sukari mu mikono ya mama yake, alipiga magoti mu vumbi na ile kitenge ya kijani, akasogeza kikopo ku mulango. Mbuzi alitosha kichwa inje.

"Si weye," Plamedie alimwambia mbuzi.

Nilipitisha mukono, nilikunywa. Bamama balipiga bigelegele, majirani balipanda ku ukuta kuuliza nani anaoa pale, na mi nililia mule ndani bila kuficha. Mama Mujinga aliinama nyuma ya binti yake, akaniita mutoto wake mu luga ya kwabo.

"Polepole, muana wanyi," alisema. "Kuko maji ingine mu sufuria."